Natoka zamu ya usiku silali, na nyumbani naitwa mvivu

Anti, shikamoo.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 34, nimeolewa na nina watoto wawili. Nafanya kazi kitengo cha dharura katika hospitali moja mkoani Morogoro, karibu na barabara kuu. Basi likigongana na lori usiku, majeruhi wanaletwa kwetu. Bodaboda ndio usiseme.

Tatizo langu ni usingizi. Naingia naiti saa moja na nusu usiku na natakiwa kutoka saa mbili asubuhi, lakini kupeana ripoti, kuhesabu dawa za kwenye troli na kujaza vitabu hunichukua mpaka saa tatu. Napanda bodaboda, na njiani huwa nasinzia mpaka dereva ananiambia, "Dada, shika vizuri." Nikilala saa nne, saa sita na nusu macho yamefunguka yenyewe. Bati linawaka, chumba hakina dari, umeme ukikatika na feni imekufa. Mtoto mdogo anaita mama, muuza samaki anapita na honi yake, jirani ana mashine ya kusaga. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala, na jioni narudi kazini. Rosta yetu ni usiku saba mfululizo, kisha ofu mbili. Hiyo ofu nayo mara nyingi simu inalia, "njoo uzibe pengo, mwenzako anaumwa."

Kinachonishangaza, hata nikiwa ofu, usiku silali. Nyumba nzima inakoroma, mimi nimekaa kitandani nasikia honi ya ambulensi ambayo haipo. Kuna sura za wagonjwa zinanirudia, hasa za watoto.

Mama mkwe wangu anaishi nasi tangu mwaka jana. Ananilelea watoto na sina ubaya naye, lakini hili hataki kulielewa. Wageni wakija mchana huwaambia, nami nasikia, "Mkwe wangu yumo ndani, amelala," kwa sauti ile ambayo wewe mwenyewe unaijua. Juzi alimwambia mume wangu kwamba nyumba ambayo mwanamke analala mpaka alasiri haina baraka. Mume wangu alinyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikoniuma zaidi.

Sasa yameanza kuniogopesha kazini. Hivi karibuni, alfajiri, nilikuwa nahesabu dozi ya mtoto aliyeletwa na degedege. Nikapata jibu. Nikarudia, likaja jingine. Ni hesabu ninayoifanya kila siku! Nikampa mwenzangu kalamu akaifanya yeye.

Na kuna la dereva wetu. Tulimpeleka mgonjwa wa rufaa Muhimbili, tukawa tunarudi saa kumi alfajiri, gari likaanza kuacha lami taratibu. Nikapiga kelele. Alikuwa amefumba macho. Alikuwa kazini tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Akaniomba nisiseme kwa mtu, ana watoto wanasoma. Mpaka leo sijasema.

Kujisukuma nakunywa kahawa, na usiku ukiwa mzito nakunywa vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu. Nikifika nyumbani nameza Piriton ili nilale. Nilianza na moja, sasa mbili hazinitoshi.

Anti, huu ni ugonjwa au ni mimi tu sijiwezi? Niombe kuhamishiwa kliniki? Kazi ya dharura naipenda. Na mama mkwe nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Muuguzi wa Dharura, Morogoro

*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na ahsante kwa kuyasema hadi ya dereva. Nimevaa sare hiyo miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo sitakuambia "jitahidi kupumzika" kana kwamba ulikuwa hujui.

Nianze na gari, maana mengine yanaweza kusubiri wiki na hili haliwezi. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, waliwapima watu waliokeshwa na kuwalinganisha na watu waliokunywa pombe. Aliyekaa macho saa 17 alifanya vibaya sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Aliyefikisha saa 24 alikuwa sawa na mwenye asilimia 0.10, kiwango ambacho polisi akikupima barabarani hakuachi uende. Dereva wenu alikuwa macho tangu asubuhi ya jana yake. Akiwa amelewa usingeficha, na angekuja kazini kalewa hakuna ambaye angempa funguo. Lakini huyu amekesha kwa amri ya ratiba, akapewa funguo na mgonjwa juu.

Kwa hiyo usimshitaki yeye, shitaki ratiba. Zungumza naye kwanza, mwambie hutamtaja peke yake, kisha mwende pamoja kwa msimamizi wa magari. Ombeni mambo mawili: rufaa ya mbali ya usiku asipewe dereva ambaye ameshafanya zamu ya mchana, na akishamkabidhi mgonjwa Muhimbili aruhusiwe kulala dakika 20 hadi 30 garini kabla ya kurudi. Mgonjwa ameshafika. Kilomita karibu 200 za kurudi hazina haraka, labda pawe na mwingine anayesubiri, na hata huyo hatafaidika na gari lililo mtaroni. Kufungua dirisha na kupandisha sauti ya redio humdanganya dereva kwa dakika chache tu. Kinachosaidia ni kunywa kikombe cha kahawa na kulala papo hapo muda huo mfupi. Kahawa huanza kazi yake karibu na wakati anapoamka. Akikataa kabisa kwenda nawe, na ukaona bado anaendesha hivyo, sema peke yako. Najua ni mzito huo mzigo. Ndani ya gari hilo mnakuwa ninyi wawili, mara nyingine na mama mjamzito.

Na wewe juu ya bodaboda usipande ukiwa unasinzia. Tafuta kona pale hospitalini ulale nusu saa kwanza, au panda bajaji ambamo hata ukipitiwa huanguki. Mwaka 2005 watafiti wa Boston waliwafuatilia madaktari walio mafunzoni Marekani wakakuta kwamba baada ya zamu ndefu uwezekano wa kupata ajali wakirudi nyumbani ulikuwa zaidi ya maradufu. Wale walikuwa wanaendesha magari yao wenyewe. Abiria wa pikipiki hana hata mlango wa kuegemea.

Sasa swali lako: ni ugonjwa au hujiwezi? Si kwamba hujiwezi. Mwili una saa yake ndani ya ubongo, na saa hiyo huongozwa na mwanga. Waliofumbua jinsi inavyofanya kazi ndani ya chembe hai walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017. Rosta yenu haimo ndani ya saa hiyo. Kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri joto la mwili hushuka na umakini huanguka, kwa mtu hodari kama kwa mtu goigoi, na ndiyo maana hesabu ile ya dozi ilikukimbia alfajiri na si saa tatu usiku. Asubuhi unatoka, jua linakupiga usoni, saa ya ndani inasema kumekucha. Ndipo unaiambia ilale. Inakupa saa mbili, tatu, kisha inakuamsha. Usiku wa ofu nao, kwa kuwa umeshaifundisha kukesha, inakesha. Wataalamu wanalihesabu hili kuwa tatizo la usingizi litokanalo na kazi ya zamu, na linatibika zaidi kwa kupanga upya zamu na usingizi kuliko kwa kidonge.

Umempa mwenzako kalamu ahesabu. Hilo lifanywe utaratibu wa kitengo. Dozi yoyote ya mtoto, na dawa zile za hatari mnazozijua, baada ya saa nane usiku zihesabiwe na wawili, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Andaeni mchana, akili zikiwa zimetulia, jedwali la dozi kwa kilo za mtoto, libandikwe ukutani juu ya troli. Usiku msihesabu kinachoweza kusomwa.

Kahawa iendelee, ila uihamishe. Kunywa mwanzoni mwa zamu na katikati, na ifikapo saa nane au saa tisa usiku iwe basi. Saa tano hivi tangu uinywe, nusu yake bado iko mwilini, kwa hiyo kopo la saa kumi na moja alfajiri ndilo linalokufumbua macho saa sita mchana. Unalisingizia bati peke yake. Zamu ikiruhusu, mwachiane nafasi ya kulala dakika 20 au 30 kwa zamu, mmoja mmoja. Huo si utoro. Mwongozo wa kupambana na uchovu kwa wahudumu wa magari ya wagonjwa uliotolewa Marekani mwaka 2018 unataka wahudumu wapewe nafasi ya kulala kidogo wakiwa kazini, na zamu zao zisifike saa 24. Ila ukiamshwa usikimbilie sindano. Akili huchukua robo saa au zaidi kuzinduka. Osha uso, tembea, chukua vipimo vya mgonjwa kwanza.

Piriton, mwanangu, acha. Ni dawa ya mzio. Mwili umeizoea, ndiyo maana moja imekuwa mbili na mbili hazitoshi, na uzito wake unabaki kichwani ukirudi kazini jioni. Unaingia zamu umebeba usingizi wa dawa juu ya usingizi wa deni. Usiibadilishe kwa diazepamu, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, ya kwenye troli. Unajua vizuri kwa nini nasema hivyo, wote tumeona mwenzetu mmoja aliyeanzia hapo.

Chumba sasa. Kabla ya kununua chochote, ziba mwanga: kanga mbili nzito juu ya dirisha, au blanketi. Kukiwa na fedha kidogo, dari hata ya bodi nyepesi chumba hicho kimoja tu. Godoro lishushwe sakafuni siku za joto, joto hupanda juu, chandarua kibaki. Pamba masikioni kwa ajili ya mashine ya jirani. Kofia au mtandio wa kuzuia jua usoni ukitoka kazini. Ukiamka saa saba usijilazimishe kubaki kitandani kwa hasira. Inuka, kula, kaa na watoto, kisha rudi ulale kwa muda wa saa moja na nusu, kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, kabla ya kwenda kazini. Usingizi wa vipande viwili ni bora mara nyingi kuliko kipande kimoja kilichokatika.

Lakini vipande hivyo viwili haviwezekani bila mama mkwe, na hapa ndipo nataka mume wako asome.

Baba, mama yako hamchukii mkeo. Kwake kulala mchana ni uvivu kwa sababu maishani mwake aliyelala mchana alikuwa mvivu au mgonjwa. Aambiwe kwa lugha anayoijua. Mkoani kwenu watu wanakesha dunguni kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Aliyekesha dunguni akirudi asubuhi, nani humtuma kuchota maji? Anawekewa uji, anaachwa alale, kwa sababu kijiji kinajua usiku alikuwa wapi. Mkeo anatoka dunguni. Mwambie mama hivyo, umwambie wewe, mkiwa wawili, kwa upole, na umweleze usiku mmoja wa mkeo ulivyo: mtoto aliyeletwa hapumui, damu, simu, fomu. Mweleze na hili, kwamba mkeo akilala vibaya, mtoto wa mwenzake anaweza kupewa dozi isiyo yake. Mama yeyote analielewa hilo.

Ukinyamaza, mkeo anahesabu kwamba umekubali. Likisemwa tena mbele ya wageni, jibu pale pale: "Mama, amekesha kazini, naomba apumzike." Inatosha.

Nawe mwanangu, usibishane naye. Mpe nakala ya rosta, ibandikwe jikoni, awe anajua wiki ya naiti kabla haijafika. Mpe saa zake na zako: kuanzia saa nne mpaka saa saba mlango wako haubishwi isipokuwa kwa hatari. Kuanzia saa saba watoto ni wako mpaka saa tisa, naye apumzike. Mwanamke wa umri wake anayelea wajukuu wawili wakati wewe umelala naye amechoka, na sijaona mahali katika barua yako ambapo aliulizwa. Mwulize. Nadhani nusu ya sauti ile inatoka hapo.

Hivi vyote ni vya kujikinga tu. Kinachokuumiza hasa ni rosta, na ukinyamazia rosta utarudi kwangu mwakani. Fanya hesabu: usiku saba wa saa 12 na nusu ni saa 87 na nusu ndani ya wiki moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, ina vifungu kuanzia cha 19 hadi cha 24 ambavyo kila muuguzi angepaswa kuvisoma. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Kati ya kutoka kazini na kurudi ziwe angalau saa 12 za kupumzika mfululizo, na kila wiki apate angalau saa 24 za mapumziko. Wewe ukitoka saa tatu asubuhi na kurejea saa moja na nusu usiku, umepata saa 10 na nusu, na humo mna safari, kupika na kuoga. Kazi ya usiku, ambayo sheria inaihesabu kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa. Angalia hati yako ya mshahara kama ipo.

Utaambiwa sheria hiyo inasamehe kazi ya dharura. Ni kweli, inayo nafasi kwa dharura isiyoweza kufanywa saa za kawaida. Kwa ninavyoisoma mimi, hiyo ni ya siku basi limepinduka na kila mwenye mikono akaitwa. Rosta iliyochapwa mwezi mzima kabla haiwezi kuitwa dharura, hata kama juu ya mlango wa kitengo pameandikwa neno hilo.

Utaambiwa pia watu hawatoshi. Hilo nalo ni kweli, na usilibishe. Omba kinachowezekana kwa watu hao hao: usiku tatu au nne mfululizo badala ya saba, na mzunguko uende mbele, asubuhi, jioni, kisha usiku, badala ya kuruka kutoka usiku kwenda asubuhi. Idadi ya usiku kwa mwezi inabaki ile ile, umebadilisha mpangilio tu. Waulize wenzako kwanza, maana wapo wanaopenda saba ili wapate ofu ndefu ya kwenda shamba, na ukiwazunguka watakuangusha kwenye kikao. Mkikubaliana, pelekeni kwa inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa kitengo, kwa maandishi, mkiwa wengi, na tukio la hesabu ya dozi liwemo bila majina. Huko Boston, mwaka 2004, walipowapunguzia madaktari wa mafunzoni zamu zile ndefu katika chumba cha mahututi, makosa makubwa yalipungua; waliobaki kwenye zamu za zamani walifanya makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi. Matroni anaweza asijali usingizi wako, ila makosa anayajali. Kama inchaji atakaa na barua, nendeni kwa mwakilishi wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, au wa Chama cha Wauguzi hapo mlipo.

Kuhamia kliniki? Bado. Ukibadilishiwa mpangilio kwa miezi mitatu na hali ikawa hii hii, omba uhamisho bila aibu. Kuna miili ambayo haiwezi naiti, na sheria ile ile inataka mfanyakazi ambaye daktari amethibitisha kuwa hafai kazi ya usiku ahamishiwe mchana. Ukishika mimba pia, miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua hupaswi kupangiwa usiku.

Kabla ya hapo pima wingi wa damu, maana mwanamke wa umri wako anaweza kuwa na upungufu wa damu akadhani ni naiti. Pima mimba na tezi ya shingo pia. Mwulize mume kama unakoroma na pumzi kukatika.

Zile sura za watoto zinazokurudia usiku sizihesabu kuwa ni zamu tu. Kama zinakujia zaidi ya mwezi, kama unashtuka kwa honi isiyokuwepo, kama hata furaha ya watoto wako imepungua ladha, nenda kwa wataalamu wa afya ya akili. Ukiona haya kwenda kwenye hospitali yako, nenda ya jirani. Ukifika mahali pa kutamani usiamke, usisubiri kliniki, mwambie mume usiku huo huo akupeleke. Na baada ya kumpoteza mtoto kwenye zamu, msitawanyike kimya kimya. Kaeni dakika kumi, mseme nini kilitokea, kisha ndipo mpeane ripoti.

Barua ya inchaji usiiandike ukitoka naiti. Iandike siku ya pili ya ofu, ukishalala. Ikitoka rosta ya mwezi ujao niandikie tena, uniambie wamekupa usiku wangapi, na dereva amejibu nini.